Fundi wa Kicheko Msibani

Siku hizi mkazi wa Dar es Salaam akitaka kucheka usiku hukata tiketi. Jukwaa la Cheka Tu la Coy Mzungu limewazoesha watu kukaa ukumbini na kumsikiliza mtu mmoja aliyesimama na kipaza sauti. Nairobi walitangulia: katika Churchill Show ya Daniel Ndambuki mchekeshaji huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Kiingereza na kuimalizia kwa Sheng, na ukumbi mzima ukamfuata bila kupotea. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Lakini ipo kazi ya namna hiyohiyo, ya kusimama mbele za watu na kuwachekesha kwa lugha mbili, ambayo Uzigua wameifanya kwa vizazi bila tiketi wala kipaza sauti, tena mbele ya hadhira ngumu kuliko zote, yaani watu waliofiwa. Kazi hiyo ni ya mtani, na nimeiona ikifanywa Kwamsisi kwa ustadi ambao sijauona kwenye ukumbi wowote.

Mkoani Tanga, jina la Kwamsisi liko Handeni, na Korogwe nako lipo. Pande zote mbili mtu huzaliwa katikati ya lugha. Kizigua, Kinguu, Kisambaa na Kibondei ni ndugu wa damu. Wataalamu huziweka pamoja katika kundi la lugha za Seuta, na Mzigua akizungumza taratibu Msambaa humwelewa. Juu ya hizo kimekaa Kiswahili, lugha ya shule, ya mkutano wa kijiji na ya kila mgeni aliyewahi kuteremka kwenye gari au treni. Na wageni wamekuwa wengi. Richard Hindorf alileta mkonge pwani ya Pangani mwaka 1893, na mashamba yaliyofuata, ya Korogwe yakiwemo, yakawavuta manamba kutoka bara na kusini. Baadhi yao hawakurudi makwao; walioa, wakalima, wakazeeka hapa. Ndiyo maana msiba wa huku una wasikilizaji wa aina mbili kwa wakati mmoja: wanaosikia Kizigua tangu tumboni, na wanaokisikia nusunusu. Anayesimama mbele yao lazima awabebe wote.

Mzee aliyefariki safari ile niliyoiona kazi hiyo alikuwa mtu wa mikutano. Kijiji kilimjua kwa jambo moja: hakukosa mkutano hata mmoja, na kila aliponyoosha mkono alianza kwa kusema ana hoja tatu. Mtani wake, mtoto wa shangazi yake waliyelingana umri, alikuwa ameshika jembe la kaburi tangu alfajiri, akapasua kuni, akahangaika na maji. Makaburini alikaa juu ya lundo la udongo, akagoma kushuka mpaka wafiwa watoe faini, akidai kwamba marehemu anaondoka na kuku wake. Faini ikatolewa, akashuka, kazi ikaendelea. Hayo watu waliyatarajia, maana hakuna mtani asiyedai. Ufundi wenyewe niliuona usiku ambao kesho yake matanga yangeanuliwa.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, kahawa inazunguka. Wanawake walikuwa upande wa jikoni. Mjane alikuwa ndani, mlango wazi. Mtani akaingia amevaa kofia ya marehemu na kushika fimbo yake. Hakusema neno. Alitembea alivyokuwa akitembea yule mzee, mguu wa kulia ukichelewa kidogo, akasimama palepale taa ilipomfikia usoni, akakohoa. Watoto ndio walioanza kucheka, kwa sababu watoto humjua mtu mzima kwa kikohozi chake.

"Mwenyekiti," akasema kwa Kiswahili cha mkutanoni, kilichopigwa pasi, "nina hoja tatu."

Wazee wakainamisha vichwa kuficha meno. Akawangoja watulie.

"Hoja ya kwanza ni barabara."

Kimya. Akaitazama fimbo, akatazama juu kwenye turubai, akarudisha macho kwa watu.

"Hoja ya pili ni ileile ya kwanza."

Hapo turubai zima likalipuka. Yeye hakucheka. Akaacha kicheko kiende mpaka sauti ya mwisho ikakatika, akaiweka kofia sawa, akasema polepole:

"Ya tatu nitaileta mkutano ujao."

Watu walianza kucheka, kisha wakaelewa. Nilimwona mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekaza uso tangu siku ya kwanza akipokea rambirambi, akicheka huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Mtani hakuyaacha yale machozi yakae peke yake. Akageukia upande wa jikoni, akaishusha fimbo, akavua sauti ya mkutanoni, akazungumza Kizigua kwa sauti ndogo ya mume aliyerudi nyumbani na njaa. Aliuliza kama kuna kiporo, na kama kipo, safari hii kimefichwa wapi. Kutoka chumbani mjane akajibu, kwa Kizigua vilevile, kwamba kiporo kimeliwa na mwenye hoja tatu. Wanawake wakaangua kicheko, wakapigana viganja. Mtani akavua kofia, akaiweka mkekani mbele ya yule mtoto mkubwa, akaenda kuchochea moto wa kahawa.

Tukio zima lilikwisha kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Nimelirudia kichwani mara nyingi nikitafuta neno lililozidi au lililopungua, na sijalipata.

Tazama kwanza alivyozigawa lugha. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya marehemu mbele ya kijiji. Kwa hiyo mkutano wake uliigizwa kwa Kiswahili, na wote waliokuwepo, Mzigua, Mmakonde na mwalimu wa shule aliyehamia juzi, waliupata sawasawa. Kizigua kilikuwa lugha yake nyumbani, kwa hiyo jikoni akapelekewa Kizigua. Mtu mmoja aliyekufa akaonekana mzima, wa hadharani na wa faragha, kwa kugeuza mwili na kubadili lugha tu. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Wale wasiokijua Kizigua walielewa kwamba sasa anazungumziwa mke, wakanyamaza kwa adabu, kisha wakacheka kwa kuambukizwa na wanawake.

Wachekeshaji wengi wa majukwaani hutumia lugha ya pili kwa sababu lafudhi yake inachekesha. Wanaigiza Mchaga, wanaigiza Msukuma, watu wanacheka, basi. Mtani wa Kwamsisi hakuicheka lugha yoyote. Kila lugha aliipa kazi inayoiweza: Kiswahili kikakusanya, Kizigua kikasogeza karibu. Mgeni akitaniwa, hutaniwa kwa Kiswahili ili apate nafasi ya kujibu, kwa kuwa utani usiojibika ni uonevu. Mtu wa ukoo akitaniwa jambo zito, huambiwa kwa Kizigua ili libaki nyumbani. Kabla hajafungua mdomo, mtani ameshaamua neno lake lisikike mpaka wapi.

Tazama pia subira yake. Kati ya hoja ya kwanza na ya pili palikuwa na kimya ambacho mtu asiye na uzoefu angekiogopa, akakijaza maneno. Kimya kile kilifanya kazi. Kiliwapa watu muda wa kumkumbuka marehemu akisimama hivyohivyo, akitafuta hoja yake. Mzaha ulipofika, kila mmoja alikuwa ameshautengeneza nusu yake kichwani. Na hoja ya tatu isingeuma vile kama zile mbili zisingewalegeza watu kwanza. Angeanza na mkutano ujao angewaumiza. Angeishia kwenye barabara angewachekesha tu. Alivipanga viwili hivyo ili kicheko kifungue mlango na msiba upite humo kutoka nje.

Kubwa kuliko yote ni yale aliyoyaacha. Mtani ana ruhusa ya kusema karibu kila kitu. Angeweza kuugusa ugonjwa wa marehemu, madeni, ugomvi wa shamba. Kijijini hakuna siri, na mila ingemlinda. Hakugusa hata moja. Alichagua tabia ambayo marehemu mwenyewe angeikubali na familia ingependa kuisimulia. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Fundi ni yule anayejua usaha uko wapi na mkono wake ukapita mbali napo.

Ustadi huu una shule yake, na shule huanza nyumbani kwa babu. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, akamlalamikia kwamba hajapikiwa. Mtoto humjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu asiye na meno. Wote hucheka, na mtoto anakuwa amejifunza mambo matatu: kwamba anaruhusiwa kujibu, kwamba ruhusa hiyo haiendi kwa baba yake, na kwamba mwisho wa mzaha ni kukaa pamoja na kula. Akikua kidogo hukutana na binamu na mashemeji, ambako utani una makali zaidi. Hatimaye huanza kufuatana na watani wakubwa kwenye misiba, abebe kuni, asikilize. Miaka hupita kabla hajathubutu kuvaa kofia ya marehemu.

Na kuni hizo ndizo zinazompa haki ya kusema. Hili wageni hulikosa mara nyingi. Mtani hachekeshi kisha akaondoka. Anachimba, anabeba, anapika, anakesha. Wafiwa wamelemewa, yeye ana nguvu ya kusimamia kwa kuwa yuko karibu nao kiasi cha kujali na mbali nao kiasi cha kutovunjika. Faini anayodai ni ishara ya kwamba kazi imefanywa na mwenye haki yake. Mtu aliyefika msibani mikono mitupu, akala, kisha akaanza mizaha, huyo watu humtazama tu.

Utani wa ukoo una ndugu yake mkubwa, utani wa makabila. Njia za misafara ziliipitia nchi hii kwenda Pangani na Saadani, na wapagazi wa Kinyamwezi waliozipita walijenga utani na Wazigua. Mpagazi akiugua njiani alihitaji mtu wa kumpa maji. Akifa, alihitaji wa kumzika. Mtani ndiye aliyekuwa na wajibu huo. Kwingine utani ulizaliwa vitani: Wahehe na Wangoni walipigana vikali karne ya 19, na leo ni watani. Hata mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, huitana watani wa jadi, na wanajua wanachokisema: nitakuudhi wiki nzima, lakini ukifiwa nitakuja.

Wasomi waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alieleza katika jarida la Africa kwamba utani ni ruhusa, na pengine wajibu, wa kumfanyia mtu mzaha ambaye naye anawajibika asikasirike. Miaka minne baadaye jarida hilohilo likachapisha makala ya R. E. Moreau kuhusu utani wa Tanganyika. Moreau aliishi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, tangu mwaka 1928, na dunia inamjua zaidi kwa utafiti wa ndege. Nafurahi kwamba mtu aliyezoea kukaa kimya akitazama viota ndiye aliyekaa pia kuwasikiliza watani. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akahariri majuzuu kadhaa ya utafiti kuhusu utani wa makabila ya Tanzania. Walichokitafuta wote hao ni sababu ya utani kuwepo. Kinachonivuta mimi ni ubora wake: kwamba watani wawili wenye haki ileile, kwenye msiba uleule, mmoja atawakera watu na mwingine atawaponya.

Mkoa wa Tanga umelipa taifa wachekeshaji, na sioni kwamba hilo limetokea kwa bahati. Amri Athumani, tuliyemwita King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, na katika miaka yote hiyo alichekesha kwa uso uliotulia na neno lililochelewa kidogo. Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dr. John, waliingia kwenye muziki wa kizazi kipya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, wakawasema wauguzi na hata wakubwa kwa maneno ambayo mtu mwingine angeulizwa ametumwa na nani. Walisikilizwa kwa sababu walisema kiutani: waliuma, lakini hawakumtoa mtu kwenye familia. Anayetoka mahali ambapo mtoto hufundishwa kutania kabla hajafundishwa kuhutubia ana akiba kubwa ya kuanzia.

Tofauti kati ya jukwaa na msiba ni kubwa, na haki itendeke kwa pande zote. Mchekeshaji wa ukumbini anakabili watu asiowajua na lazima awashike ndani ya dakika chache. Hiyo ni kazi ngumu inayostahili malipo. Lakini akiharibu, kesho atakuwa mji mwingine. Mtani akiharibu, kesho atakutana nao kisimani, gulioni na msikitini, na watoto wake wataoana na watoto wao. Hawezi kurudia mzaha wa mwezi jana, maana wasikilizaji ni walewale. Kila msiba unadai kazi mpya iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, nayo hutumika siku moja tu. Wenzetu wa jukwaani wana mengi ya kuchukua hapo: kumjua unayemtania, kumpa nafasi ya kujibu, kujua la kuacha, na kufanya kazi nyingine ya mikono kabla ya kudai watu wakusikilize.

Utani nao una wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Viongozi wa dini wapo wanaoona mizaha ya makaburini inavunja heshima ya maziko. Wanawake wapo waliochoshwa na wanaume wanaowashika na kuwatukana kisha wakajikinga kwa kusema ni utani. Wana haki ya kulalamika. Watani wazuri ndio wa kwanza kuwakemea watu hao, kwa kuwa anayetumia mila kama ngao ya utovu wa adabu anawaharibia kazi wenye kazi. Mzee wa zile hoja tatu aliswaliwa na kuzikwa kwa taratibu zote, na mtani wake alinyamaza kimya dua ilipoanza. Kujua pa kunyamaza ni sehemu ya ustadi uleule.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lugha. Kizigua ni lugha imara. Watu wa Uzigua waliochukuliwa hadi Somalia karne ya 19 walikihifadhi ugenini, na wazao wao waliokimbia vita walipopewa makazi Chogo, Handeni, miaka ya 2000, waliweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha ya mababu. Lugha iliyovuka hayo yote inaweza kufifia nyumbani kwa sababu ndogo tu: mzazi kumjibu mtoto kwa Kiswahili kila anapoulizwa kwa Kizigua. Kijana wa leo anaweza kuigiza mkutano wa kijiji vizuri kabisa. Akigeukia jikoni, atasema nini? Mtani mwenye lugha moja ana nusu ya kazi, na nusu inayokosekana ndiyo inayomfikia mjane.

Mcheza kwao hutuzwa, na watani hawa hutuzwa kuku na sarafu. Wanastahili pia kutambuliwa kuwa ni wasanii. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tanzania imeridhia mkataba huohuo wa mwaka 2003, na utani wetu hauna upungufu wowote mbele ya ule wa Niger. Baraza la Sanaa la Taifa linawajua wachekeshaji wa runinga na wa kumbi. Liwajue na hawa. Maofisa utamaduni wa Handeni na Korogwe waanze kuwaorodhesha watani wakubwa waliobaki na kuwarekodi, kwa ridhaa ya wafiwa, kwa Kizigua na Kiswahili kama wanavyosema wenyewe. Na wewe msomaji mwenye babu au bibi aliye hai, mwendee mwezi huu. Akikuita mke wake au mume wake, mjibu, tena umjibu kwa lugha yake.